Kubisha Hodi Hadi Shambani

Tarehe 31 Mei Kanisa linakumbuka safari ya Maria kwenda milimani kumtembelea Elizabeti. Mwinjili Luka anatuambia kwamba alikaa huko kama miezi mitatu. Mtu wa kupita kusalimia hakai hivyo. Maria alikwenda kukaa na mama mwenye umri mkubwa aliyebeba mimba, na naamini kuni na maji ya nyumba ile alivijua.

Safari hiyo naifikiria kila ninapokwenda kijiji cha Namawala. Ukitoka Ifakara, milima ya Udzungwa inasimama mkono wa kulia, na kushoto bonde linateremka kuelekea mto Kilombero, mpunga mtupu. Asiyejua majira atafika msimu huu akute milango mingi imefungwa, adhani watu wamehama. Watu wako shamba. Wamekaa madunguni wanaamia ndege, wakisubiri mpunga ukomae wavune, na kuna familia ambazo hazitarudi kijijini mpaka gunia la mwisho lijae. Basi kumtembelea Mnamawala ni kumfuata huko huko topeni, na kula atakachokutengea.

Wenyeji hawa wamekwisha kupokea wageni wengi. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 ikaanzishwa maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliomba kuingia hadi vyumbani, huko Namawala, watege mbu usiku watu wakiwa wamelala. Walikaribishwa. Ndipo ilipojulikana kwamba mtu wa kijiji hiki aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Baadaye vyandarua vyenye dawa vilienea Kilombero na Ulanga, na utafiti uliochapishwa 2001 ukaonyesha kwamba viliongeza kunusurika kwa watoto wadogo kwa asilimia 27. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Namawala ilimfungulia mgeni mlango, na waliopona wako mpaka nchi ambazo wenyeji wale hawatazifika. Hilo ni deni, ndugu zangu, na mimi nalihesabu kuwa letu pia.

Kibanda cha shamba kina kuta za nyasi zenye matundu, na chandarua mara nyingi kimebaki kijijini. Kwa hiyo katekista na viongozi wa jumuiya wanaokwenda kusali na familia za shambani wiki hii watazame pia watoto wanalala wapi, na kama kuna chandarua kilichosahaulika nyumbani wawapelekee. Na wasiwapite waliobaki: wanafunzi wanaolala na bibi, au peke yao na dada wa darasa la sita, kwa sababu shule haijafungwa na mpunga hausubiri. Tuanzie kwa hao, Jumatatu jioni, kabla hawajawasha moto wa kupikia.