Uraibu na Lawama

Kamusi zetu hulipa neno uraibu maana mbili. Ya kwanza ni vile vitafunwavyo: tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Ya pili ni mazoea yamshikayo mtu hata asiweze kuyaacha. Kitu na kifungo chake vimepewa jina moja, nami naona lugha haikukosea.

Basi mtafunaji tambuu akipatwa na saratani ya kinywa, alaumiwe nani? Jawabu la barazani ni kwamba amejitakia. Elimu yaelekea kuliunga mkono. Mwaka 1985 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitamka kuwa tambuu yenye tumbaku husababisha saratani. Mwaka 2004 likachapisha hukumu hiyo hiyo juu ya tambuu isiyo na tumbaku, na juu ya popoo peke yake. Aliyezoea kujitetea kwa kusema “mimi tumbaku sitii” hana tena pa kujishika. Popoo huweza pia kukakamaza nyama za mashavu hata kinywa kisifunguke sawasawa. Kwa mtu wa mashairi, hiyo ni adhabu juu ya adhabu.

Lakini damu nayo ina neno. Wapo wazaliwao na maradhi ya kurithi yaitwayo kwa jina la Fanconi, daktari wa Uswisi aliyeyaeleza mwaka 1927. Chembe za miili yao hushindwa kutengeneza vinasaba vilivyoharibika, na saratani ya kinywa huweza kuwajia wakingali vijana, bila popoo wala sigara. Hao ni wachache mno, ila watosha kuivunja ile kauli ya “amejitakia”.

Na je, mazoea yenyewe hayarithiwi? Msichana hakujichagulia kijaluba cha bibi yake, wala sinia lililopitishwa harusini, ambapo kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Urithi huu haumo katika vinasaba, umo katika heshima. Kwa hiyo lawama, nionavyo mimi, huuelemea zaidi mkono utoao kuliko kinywa kipokeacho. Mpokeaji huenda keshafungwa. Mtoaji mwenye kujua yungali huru. Angeweza kuleta kahawa na halua, na mgeni akatoka ameheshimiwa vile vile. (Sisemi kuwa sukari haina yake.)

Aliyekwisha kuugua hukumu yetu humzidishia haya tu. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, au doa jeupe au jekundu kinywani, ni vya kuonyeshwa daktari mapema. Yeye, kwa kuogopa maneno yetu, hukificha kinywa kwa upindo wa kanga, na miezi ikapita.