Mzee Arudi Kwake kwa Idhini ya Nani?

Nchini Marekani, mzee aliyevunjika nyonga aghalabu haendi kwake moja kwa moja atokapo hospitali. Hupelekwa kwanza kwenye nyumba ya uuguzi, akazoezwa upya kusimama, kuvaa na kwenda msalani. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hulipa gharama zote kwa siku 20 za mwanzo. Tangu siku ya 21 mzee huchangia, na ikipita siku ya 100 bima hailipi tena. Kwa hivyo suali la kurudi nyumbani huulizwa huku siku zinahesabiwa, na si rahisi kujua kama kinachojibu ni goti la mgonjwa au daftari la malipo.

Vipimo vipo. Mzee huketi kitini, akaambiwa ainuke, aende mita 3, ageuke, arudi akae. Akichukua sekunde 12 au zaidi, huhesabiwa yumo katika hatari ya kuanguka. Mwaka 1969 Lawton na Brody walitunga kipimo cha shughuli za maisha: simu, soko, dawa, fedha, kupika, kufua. Ila kwa desturi ya zama zile, mwanamume hakuhesabiwa kupika, kufua wala kazi za nyumba. Asiyejua kuinjika chungu alionekana mzima kabisa. Mwanamke wa hali hiyohiyo akatiwa upungufu. Kumbe kipimo hakikupima mwili peke yake. Kilikwisha kuchukulia kwamba jikoni yumo mtu mwingine.

Na hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Utayari ukiwa ni wa nyumba nzima, basi mzee anaposhindwa, huenda ni ngazi iliyoshindwa kwa kukosa pa kushikia.

Mwaka 1972 Robert Perske, akiwatetea watu wenye ulemavu wa akili, aliandika juu ya heshima iliyomo katika kuthubutu: kumkinga mtu na kila hatari ni kumpunguzia utu. Hoja hiyo humfaa mzee mwenye akili timamu. Nyumba ni yake, na mguu ni wake. Akitaka kuhatarisha kuanguka baina ya kitanda na dirisha lake, ni haki yake. Lakini atakapoanguka saa nane za usiku, mgongo utakaomwinua si wake. Ni wa binti yake, ambaye naye pengine ana miaka 60.

Kanuni za Marekani za mwaka 2016 zinataka uwezo wa mlezi uzingatiwe kabla mzee hajatolewa. Ni jambo jema, walakini uwezo si ridhaa. Binti huulizwa mamake akiwa papo hapo, amekwisha kufunga mkoba wake, anamtazama. Palipo na watu wanaoogopa kukosa radhi za mzazi, neno "ndiyo" likisemwa chumbani humo halijathibitisha kitu. Binti huyo angeulizwa kwanza peke yake, ukumbini, na mlango umefungwa.