Kabla Hamjashuka Shimoni

Wajukuu zangu, nimesikia mmepata kibarua kwa watafiti wa mambo ya kale, kule kwenye gofu la kinu cha miwa. Nimefurahi. Kaeni kidogo kabla hamjaondoka.

Mkifika, macho yatavutwa na chuma: magurudumu ya kinu, masufuria makubwa yaliyopikia maji ya miwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye atawanyatia. Msimsikilize. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo, lakini mimi nawaomba kwa sababu nyingine.

Karne ya 19 mashamba ya miwa yaliufuata Mto Pangani, na sukari guru yake ikisafirishwa kwa majahazi. Wenye mashamba tunawajua. Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani akanyongwa hapa hapa Pangani Desemba 1889, alikuwa na shamba lake la miwa. Lakini waliokata miwa ile, wakakesha mbele ya moto wa makapi wakikoroga maji yanayotokota, walikuwa watumwa. Mwaka 1873 waliasi. Wengi wao hawana jina katika karatasi yoyote.

Habari zao zimebaki udongoni. Kwa hiyo mkishapimiwa mraba kwa kamba, shukeni taratibu, tabaka kwa tabaka, kwa mwiko wa mwashi, si kwa jembe. Kila karai la udongo lichekechwe. Kigae cha chungu kikikutwa juu ya majivu ya tanuri kina neno lake. Kikikutwa chini ya tanuri, basi watu walipika pale kabla halijajengwa. Ukikitia mfukoni, umekinyamazisha.

Najua ninachosema. Ujanani niling'oa mawe ya gofu kama hilo, nijengee msingi wa banda. Kati ya mawe kulikuwa na ushanga mwekundu na kipande cha kiko. Nikavitupa. Banda lilishaanguka zamani. Ule ushanga bado unanijia usiku.

Tena, huko mitaani mtaulizwa kwa nini mnafukua habari za utumwa. Jibuni kwa adabu, na msitaje ukoo wa mtu. Hilo ni la mwenyewe kulisema akitaka.

Jioni mpitie kwangu. Nataka kujua vibanda vyao vilikuwa upande gani wa tanuri, na kama kusi likivuma moshi uliwafikia walipolala.