Ukingo wa Dari

Torati (Kumbukumbu 22:8) inamtaka anayejenga nyumba aweke ukingo darini, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu yake. Haiulizi kama aliyeanguka alikuwa mzembe. Baadhi ya kampuni huanzia upande wa pili: kibarua hupewa kofia ngumu, pengine mkanda wake umekatika, akasaini kwamba ameelewa hatari. Saini ya mwenye njaa ni ridhaa ya namna gani? Wataalamu wa usalama huanza kwa kuondoa hatari yenyewe. Kofia huja mwisho. Sheria ya Tanzania ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 humpa mfanyakazi wajibu pia, ila mzigo mkubwa humwangukia mwajiri. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama katika haki za msingi kazini.