Samaki wa Kioo na Haki ya Jirani

Umeme ukikatika Munuki usiku wa joto, betri moja ya sola hudaiwa na wawili: pampu ya hewa ya tangi la samaki, na jirani anayetaka kuchaji simu. Nani atangulie?

Wengine husema samaki wa pambo ni israfu. Lakini Mtume (s.a.w.) hakumkataza mtoto Abu Umayr ndege wake mdogo, na alitusimulia mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Kosa ni kufunga bila kutunza. Samaki wa Nile hujitafutia maji yenye hewa. Wa kwenye kioo hana pa kwenda, na maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo.

Pampu ya wati 5 kwa saa 10 hula wati-saa 50, kama simu tatu hivi. Mara nyingi betri hutosha wote wawili tukizima televisheni. Isipotosha, simu hungoja asubuhi, mfungwa hawezi. Ila jirani akiwa na mgonjwa, uhai wa binadamu hutangulia.

Basi hesabu ifanywe kabla ya kununua. Asiyeweza kubeba haki zote mbili, asifunge kiumbe.