Siri Iliyokwisha Kujulikana

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyefikisha ujumbe wote wala asibakishe neno. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, vijana wetu wa pwani walioko Nairobi kwa kazi na masomo wametuletea swali katika darsa letu, nasi tumeona si vyema jawabu lake libaki kwetu peke yetu. Wasema: Huko mtaa wa Mountain View, upande wa magharibi wa mji, limejengwa hekalu la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu huwaita Wamormoni. Kabla halijawekwa wakfu, watu wote waliruhusiwa kuingia na kutazama. Lilipokwisha kuwekwa wakfu, tarehe 18 Mei 2025, mlango ukafungwa, na sasa haingii illa mfuasi wao mwenye kibali cha wakubwa wake. Lakini hayo yafanywayo ndani yameandikwa vitabuni tangu zamani, na leo yaonekana katika simu ya mkononi. Basi vijana wauliza: Ni siri gani hii ijulikanayo na kila mtu? Na je, yafaa sisi kupelekeana picha zake na kuwacheka?

Kwanza tulieleze jambo lenyewe kwa haki, kwani Mwenyezi Mungu ametuamrisha uadilifu hata kwa tusiokubaliana nao.

Siri ya namna hii si mpya katika Nairobi. Karibu na katikati ya mji, katika Nyerere Road, liko jumba la Frimasoni, nalo lilijengwa tangu miaka ya 1930. Mambo yao pia yalichapishwa zamani sana: huko London, mwaka 1730, mtu aitwaye Samuel Prichard alitoa kitabu kueleza viapo vyao na alama zao. Na nyumba mbili hizi zina ujamaa katika historia, kwani Joseph Smith, mwanzilishi wa Wamormoni, aliingia katika Frimasoni mwezi wa Machi 1842, na mwezi wa Mei mwaka huo huo akaanzisha ibada ile ifanywayo leo katika mahekalu yao. Ibada hiyo nayo haikuchukua muda ila walitokea waliotoka kundini wakaitangaza. Hata mwaka 2014 kanisa lenyewe lilitoa filamu fupi kuonyesha mavazi yavaliwayo hekaluni. Walakini wafuasi wao bado hawayasemi yote nje. Wao husema kuwa hayo si siri, bali ni matakatifu.

Basi ni kitu gani wanachokificha, ikiwa habari imekwisha kutoka? Twaona kwamba wanachokilinda si habari tena, ni ahadi. Mtu amekula yamini kuwa hatasema, naye hasemi, hata kama jirani yake asema. Hili halipiti akili ya mtu. Hapana mtu mzima asiyejua mambo ya mume na mke, lakini mwenye heshima hafungui mlango wake kwa kuwa jambo lajulikana. Kwa hiyo, enyi vijana, si akili kuwacheka. Na zaidi ya hayo, Qur'ani imetukataza, katika Sura ya An'am, aya ya 108, kuwatukana wale waombwao na wengine badala ya Mwenyezi Mungu, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa kutojua. Kupelekeana picha za ibada ya watu kwa mzaha kuko karibu sana na mlango huo.

Lakini kuacha kucheka si kukubali. Njia yetu Waislamu ni nyingine kabisa, na yatupasa tuijue vizuri.

Mtume (S.A.W.) alilingania kwa siri miaka mitatu ya mwanzo, na masahaba wakikutana katika nyumba ya Arqam, kwa sababu ya udhia wa Makureshi. Ile ilikuwa siri ya hofu, si siri ya dini. Ilipokuja amri iliyomo katika Sura ya Al-Hijr, aya ya 94, kuwa atangaze aliyoamrishwa, alitangaza, wala hapakubaki chumba cha ndani kwa wateule. Tazameni alivyofundisha. Siku moja alipanda mimbari akasali juu yake, akishuka kwa ajili ya kusujudu, kisha akawaambia watu kuwa amefanya hivyo wapate kumfuata na kujifunza sala yake. Na katika Hija ya kuaga alitufu juu ya ngamia, na Jabir ameeleza sababu: watu wapate kumwona na kumwuliza. Subhanallah! Wengine huingia ndani wasionekane. Mtume wetu alipanda juu ili aonekane.

Tena Sayyidna Ali (R.A.) aliulizwa: Je, nyinyi watu wa nyumba ya Mtume mna kitu mlichopewa peke yenu? Akajibu kuwa hawana ila Kitabu cha Mwenyezi Mungu, na fahamu ambayo Mungu humpa mtu, na karatasi yenye hukumu za dia na kukomboa mateka. Naye akayasema yaliyomo mbele ya watu. Ikiwa mkwe na binamu ya Mtume hakuwa na siri ya kuficha, ni nani baada yake atakayedai anayo?

Huenda mtu akasema: Mbona na Makka imefungwa kwa wasiokuwa Waislamu? Twajibu: Kilichofungwa ni mahali, si ibada. Mwaka 1853 Mwingereza Richard Burton aliingia Makka kwa kujibadilisha, akaandika kitabu, na Wazungu wakastaajabu. Lakini nguzo za Hija alizozieleza zilikuwa zimo katika vitabu vya fiqhi visomwavyo kila msikiti, nazo mtoto wa chuo angemweleza bila ya yeye kujibadilisha. Na leo, pale pale Nairobi, Msikiti wa Jamia, uliomalizika mwaka 1933, waadhini kati ya maduka na maofisi. Kila apitaye husikia tuitiwalo, na atakaye kujua maana huelezwa bure.

Baada ya haya, ndugu zetu, tusijipigie makofi. Mwenye kunyosha kidole kuonyesha nyumba ya mwenziwe, naatazame na yake.

Je, sisi katika miji yetu hatuna wauzao siri? Mama amebeba mtoto mwenye homa, aenda kwa mtu mwenye kilemba. Huambiwa kuwa liko jina, iko siri ya kisomo isiyotolewa ila kwa ubani mkubwa, na hirizi isifunguliwe, ikifunguliwa nguvu zitatoka. Naye hutoa fedha ya chakula na ya dawa. Siku hirizi ile ikipasuka, ndani mna nini? Mara nyingi mna Ayatul-Kursiyyu, aya ambayo mama yule aijua kwa moyo tangu utoto wake, na huisoma kila usiku alalapo! Ameuziwa mali yake mwenyewe, imeshonewa ngozi. Hiyo ndiyo siri iliyokwisha kujulikana, nayo ni mbaya kuliko ya wale tuliotaka kuwacheka, kwani wao wafuata dini yao ilivyo, na huyu amefunga kilichofunguliwa na Mtume wake.

Hatusemi kuwa kumsomea mgonjwa Qur'ani ni haramu, hilo limethibiti. Wala hatumnyimi mwalimu haki yake. Twasema: msomeeni kwa sauti asikie, na mfundisheni ajisomee. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa aulizwaye ilimu akaificha, atatiwa lijamu ya moto Siku ya Kiyama. Kwa khofu hiyo Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa huko Mombasa karatasi zake, Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akiandika dini kwa Kiswahili wakati ambapo wengi walidhani ilimu haifai ila kwa Kiarabu. Na Sheikh Abdullah Saleh Farsy alimaliza tafsiri yake ya Qur'ani, ikachapishwa Nairobi mwaka 1969. Mungu awarehemu. Walifungua milango, tusiifunge.

Kisha zingatieni kinyume chetu. Yaliyoamrishwa yatangazwe tumeyaficha, na yaliyopendezwa yafichwe tumeyatangaza. Sadaka ambayo mkono wa kushoto haupaswi kujua, leo hupigwa picha pamoja na uso wa maskini. Dua ya mbele ya Al-Kaaba hukatizwa ili simu inyoshwe. Aibu ya ndugu, iliyo wajibu kusitiriwa, huwa habari ya baraza. Siri ya Mwislamu ni ile iliyoko baina yake na Mola wake: nia yake, machozi yake ya usiku, na mkono wake unaotoa gizani. Siri hiyo hata ikijulikana sura yake, haiibiwi, kwani hapana simu ipigayo picha ikhlasi.

Basi jawabu letu kwa vijana ni hili. Msiwacheke watu kwa ahadi zao. Msiingie katika chama chochote kinachowataka kuapa kabla ya kujua mnachokiapia. Na juu ya Frimasoni, wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Makka walikwisha toa hukumu mwaka 1978 ya kuwakataza Waislamu kuingia. Na mtakaporudi nyumbani kwa likizo, muulizeni kila mwalimu, kwa adabu, maana ya anachowasomea na dalili yake. Akiwajibu, mbusuni mkono. Akisema ni siri, mwambieni kuwa Mtume alipanda ngamia ili aonekane.

Ewe Mola wetu, tudhihirishie haki na utupe kuifuata, utusitirie aibu zetu, na uzitakase nia zetu uzijuazo Wewe peke yako. Amin.

Wabillahi tawfiq.