Je, Pambo la Mlangoni Laweza Kusema Uongo?

Huenda wasomaji wetu wakacheka waonapo swali tuliloliandika juu ya ukurasa huu. Uongo, watasema, ni kazi ya ulimi, na majani hayana ulimi. Nasi tulidhani vivyo hivyo kwa miaka mingi, hata mwaka mmoja wakati wa Majilio jirani yetu alipotuuliza neno mlangoni petu, tukakosa jibu. Tangu siku ile tumekuwa tukilifikiri jambo hili, na leo twapenda kulifikiri pamoja nanyi.

Kwanza tueleze pambo lenyewe. Sisi twakaa katika migomba ya Kilimanjaro, na kila mwaka, siku moja au mbili kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, twafanya shada la majani la kutundika mlangoni. Hukatwa ufito mbichi, mwembamba kama kidole, ukapindwa hata ncha zake zipitane, kisha hufungwa kwa nyuzi za mgomba zilizolowekwa maji, maana nyuzi kavu hukatika. Mwenye haraka atauvunja ufito. Yafaa kuupinda kidogo kidogo juu ya goti. Baada ya hayo huletwa majani ya masale. Jani la sale ni refu kama upanga, basi kila jani hukunjwa katikati na kufungwa shinani, na fungu lifuatalo huficha kifundo cha fungu lililotangulia, kama mwezekaji apangavyo nyasi za paa, mpaka duara yote imejaa. Mama wa nyumba hupachika buni nyekundu chache zilizochelewa mtini. Watoto nao hutaka kuongeza kila wakionacho: unyoya wa jogoo, ua la uani, hata kizibo cha chupa. Twawaachia.

Neno shada wengi wetu twalijua zaidi makaburini kuliko milangoni. Akifa mtu, watoto wake huweka shada, wakwe huweka shada, wenzake wa kazini huweka shada, na jina la kila kundi hutangazwa mbele ya watu. Wakati mwingine twajiuliza kama marehemu alipata kuletewa hata ua moja alipokuwa akiweza kulinusa. Lakini hilo ni jambo jingine. Tumelitaja tu kwa sababu litatufaa mbele kidogo.

Kufanya duara ya majani kwa ajili ya Majilio si jambo tulilolianzisha sisi. Karibu na mji wa Hamburg, katika nchi ya Ujerumani, alikuwapo mtu aliyeitwa Johann Hinrich Wichern, aliyezaliwa mwaka 1808. Mwaka 1833 alifungua makao ya watoto maskini mahali paitwapo Horn, nayo yakaitwa Rauhes Haus. Yasimuliwa kwamba watoto wale walimchosha kwa swali moja kila mwisho wa mwaka ulipokaribia: Krismasi ni lini? Basi mwaka 1839 akatwaa gurudumu kuukuu la gari la kukokotwa, akaweka juu yake mishumaa midogo myekundu 20 na mishumaa mikubwa myeupe 4. Mwaka ule Jumapili ya kwanza ya Majilio iliangukia tarehe 1 Desemba, hata siku za kungoja zikawa 24 kamili: Jumapili 4, na siku za kazi 20. Kila siku uliwashwa mshumaa mmoja zaidi. Mtoto asiyejua hesabu aliweza kutazama na kuona mwenyewe ni mishumaa mingapi iliyobaki gizani. Baadaye gurudumu lilipambwa kwa matawi mabichi, na watu walipoichukua desturi hiyo majumbani mwao waliipunguza mishumaa ikawa minne tu.

Tuangalie vema gurudumu lile lilisema nini. Halikusema, Furaha imekwisha kufika katika nyumba hii. Watoto wale walikuwa wametoka katika taabu nyingi, na kama wangeambiwa hivyo usiku wa kwanza, wangejua mara moja kwamba wanadanganywa. Lilisema, Bado, na kila jioni likasema, Bado, lakini si kama jana. Hilo ni neno la kweli ambalo hata mtoto mwenye huzuni aweza kuliamini.

Sasa turudi kwetu. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, na mengi ya desturi zetu za sikukuu yana asili katika nchi yao. Lakini majani tuyatumiayo ni yetu, tena majani hayo yalikuwa na maneno yao kabla ya kufika shada lolote. Wasomaji wa mbali yafaa waelezwe. Sale kwa Mchagga ni mti wa mpaka: hupandwa safu kutenga kihamba na kihamba, na mtu mwema hauruki. Tena ni mti wa kuomba amani. Aliyemkosa mwenziwe hushika jani la sale akaenda nalo kwa aliyekosewa, na ni vigumu sana kwa huyo kulikataa bila kujiaibisha mbele ya wazee. Mambo ya ujirani na ukoo yalikuwa na uzito wa sheria hata Bruno Gutmann, mmisionari aliyekaa Old Moshi miaka mingi, akaandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga, kilichotoka mwaka 1926. Naye alishikilia sana kwamba vifungo hivyo vya ukoo na ujirani visivunjwe kwa jina la Ukristo.

Basi tusikie kisa chenyewe. Kati ya kihamba chetu na cha jirani mmoja ilikuwapo safu ya masale ya zamani. Mwaka mmoja mvua ya masika ilipochukua sehemu ya udongo pamoja na miti yake, tulipanda masale mapya. Tulivuta kamba, safu ikanyoka vizuri sana, na katika kunyoka kwake ikaingia upande wa jirani kama hatua mbili. Alipotuambia, tulimwonyesha jinsi ilivyonyoka. Mwalimu hakosi maneno. Yule mzee alinyamaza, na kwa miaka miwili tukawa watu wa kuamkiana tu: shikamoo, marahaba, basi.

Masale yale yalistawi kuliko yote tuliyokuwa nayo, kwa kuwa yalikuwa machanga. Mwaka wa tatu tuliyakata majani yake, tukafanya shada zuri kuliko la miaka yote, tukalitundika. Jumamosi jioni yule mzee alikuja kutupa habari ya msiba wa upande wa juu. Alisimama mlangoni, akalitazama shada, akasema, "Mwalimu, kazi nzuri. Majani haya mmeyakata wapi?"

Tukajibu, "Pale mpakani, mzee."

Akasema, "Mpaka upi?" Kisha akaaga, akaenda zake.

Usiku ule tulijitetea moyoni kwa namna nyingi. Tulisema kwanza: haya ni majani tu. Lakini utetezi huo haukusimama hata kidogo. Kama ni majani tu, mbona hatukukata magugu ya shambani? Na mtu aliyemnyima ndugu yake mgonjwa fedha ya dawa, kisha akamwekea shada kubwa kaburini, je, watu hawasemi njiani wakirudi? Husema sana, wala hawasemi juu ya ulimi wake. Wasema juu ya shada.

Kisha tukasema: neno hupata maana yake katika nia ya msemaji, nasi nia yetu ilikuwa uzuri wa nyumba, si kujisifu kwamba tuna amani na watu wote. Utetezi huu una nguvu, nasi hatutaki kuupuuza. Kupenda uzuri si dhambi. Mwanamke afagiaye uwanja wake asubuhi akaacha alama za ufagio zimepangika kama mkeka, huyo hamdanganyi mtu. Ameupamba uwanja, basi. Tena mgeni wa Hamburg asiyejua kitu, akitundika masale kwa kuwa yampendeza, hatuwezi kumwita mwongo. Walakini sisi si wageni. Neno si mali ya msemaji peke yake. Ni mali ya wote waliosema hivyo kabla yake na ya wote watakaolisikia. Mtu hawezi kumwambia mwenziwe, Nakuapia, kisha akasema, Nia yangu ilikuwa kuipendeza sauti tu. Sale mlangoni mwa Mchagga lasema amani, hata kama aliyelitundika alikuwa akiwaza rangi yake ya kijani. Na yule mzee alilisoma kama lilivyoandikwa.

Basi tukaondoka kitandani tukalishusha shada. Tuliona tumefanya jambo la kishujaa. Asubuhi watoto waliuliza limekwenda wapi, nasi tukatoa hotuba fupi juu ya unafiki. Mama wa nyumba alikuwa akichochea moto, akangoja mpaka tumemaliza, akasema, "Baba, sasa nyumba imekuwa ya kweli, au imekuwa tupu tu?"

Swali hili lilituuma kuliko la mzee. Maana ni kweli kwamba shada lilikuwa limeondoka, na mpaka ulikuwa pale pale. Kama kila mwenye ugomvi akishusha pambo lake, twaogopa kwamba hautabaki mlango mmoja wenye jani katika kijiji chetu, na katika chenu labda mawili. Watoto wetu walio Dar es Salaam na Arusha hupanda mabasi mwezi wa Desemba ili kuja kula sikukuu nyumbani. Je, wakute kuta tupu, waambiwe kwamba wazee wao wamekuwa wakweli? Ukweli wa namna hiyo ni rahisi mno. Hauombi radhi kwa mtu, wala haurudishi hatua hata moja ya udongo.

Ndipo tulipokumbuka jambo ambalo kila mtoto wa hapa alijua, nasi tulilisahau kwa kusoma sana. Nani hushika sale? Si yule aliyekwisha kupatana. Aliyepatana hana haja nalo. Hulishika mwenye kosa, ugomvi ungali moto. Jani hutangulia, amani hufuata, ikifuata. Sale basi lafanana na gurudumu lile la Wichern: nalo lasema bado. Hatukukosa kwa kulichuma jani tukiwa na ugomvi, maana ndiyo saa yake hasa. Tulikosa kwa kuwa tulilitundika mlangoni petu, tukalitazama, tukapendezwa. Na jani la kuomba halina kazi mlangoni pa mwombaji. Bwana wetu naye alisema juu ya mtu aletaye sadaka akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Wasomaji wajua aliambiwa aende wapi kwanza.

Wengine watatuambia kwamba taabu hii yote ingaliepukwa kama tungalinunua shada la plastiki dukani Moshi. Ni kweli, na hatutaki kuyatukana mashada yale. Binti afanyaye kazi mjini akimletea mama yake moja, ameleta jasho lake, na mama atalitundika kwa machozi. Ni nani awezaye kuliita duni? Lakini shada la dukani hukaa sandukuni mwezi hata mwezi, likatolewa Desemba likiwa vile vile, wala halimlazimishi mtu kushika kisu na kwenda kusimama mahali fulani akikata. Lile la mkono hutaka ukumbuke umelichuma kwa nani. Kama tungalikuwa na la plastiki, mzee angalilisifu na kwenda zake, nasi tungalilala vizuri.

Jumapili ile alasiri tulichukua jani moja, tukamwomba mzee mmoja wa ukoo atusindikize. Jirani yetu alikuwa ameketi nje akichagua maharage. Tulisema tuliyokuja kusema. Yalikuwa machache, maana njiani tulikuwa tumeandaa mengi nayo yote yakapotea. Alilipokea jani, akaliweka juu ya ungo kando ya maharage, akasema kwamba mpaka si jambo la Jumapili, tungoje sikukuu zipite. Mkewe akatuletea maji ya kunywa. Tuliporudi, mama wa nyumba alikuwa amelifungua shada, ameyatoa majani ya mpakani, na kulijaza tena kwa majani ya masale yaliyo nyuma ya jiko letu, ambayo si mazuri sana. Kizibo cha chupa kilikuwa pale pale.

Mwezi wa Januari wazee walikuja wakachimbua nyasi, wakakuta visiki viwili vya masale ya zamani, navyo vilikuwa mahali hasa alipopasema jirani. Tuling'oa safu yetu iliyonyoka tukairudisha. Shina la sale likichomekwa ardhini huota bila taabu, hata baada ya mvua chache ilikuwa vigumu kujua kwamba palikuwa na neno. Hatusemi kwamba tumekuwa marafiki wakubwa. Ni mtu wa maneno machache, nasi bado tuna maneno mengi. Majilio yaliyofuata tulikwenda kumwomba ruhusa kabla ya kukata majani pale mpakani. Alitujibu tukate, lakini upande wetu.